Mbwa wetu anatikisa mkia halafu anauma: tumfanyeje?

SWALI: Mbwa wetu Bobi ni dume wa miaka mitatu, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Mchana tunamfunga mnyororo karibu na geti, usiku tunamfungulia alinde ploti. Mwaka jana alianza kumngurumia mwanangu wa miaka sita kila alipopita karibu na chakula chake. Jirani akatushauri tumpige kila akinguruma ili ajue nani mkubwa, na kweli aliacha kunguruma. Lakini wiki iliyopita amemuuma dada wa kazi mkononi alipokuwa akiondoa sufuria yake, na dada anaapa kwamba mbwa alikuwa akitikisa mkia. Tena anabwekea kila bodaboda inayopita hadi majirani wamechoka. Baba Kevo anataka adungwe sindano ya kumuua. Kuna njia nyingine? Mama Kevo, Kahawa West.

JIBU: Mama Kevo, pole, na pole zaidi kwa dada. Tuanze na mkono wake, kwa sababu tabia ya mbwa inaweza kungoja na mkono hauwezi. Kama jino lilitoboa au hata kukwaruza ngozi na hajaonwa na daktari, aende hospitali leo. Kidonda cha mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha daktari huamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Asikae nyumbani akisema ameshachelewa. Chanjo ina kazi maadamu dalili hazijaanza. Zikishaanza, kichaa cha mbwa hakina tiba.

Na hapo ndipo wazo la Baba Kevo linapogonga mwamba wa kwanza. Mbwa aliyemuuma mtu hauawi haraka haraka. Hufungiwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, basi mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma. Lakini dada asingoje siku 10 ziishe ndipo aanze chanjo. Anaanza, na daktari ndiye atakayesema aishie wapi. Tafuta pia kadi ya chanjo ya Bobi. Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akifika miezi mitatu na hurudiwa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, hapa kwetu kwa kawaida kila mwaka. Kama kadi ina pengo, mwambie daktari ukweli huo bila kuona haya.

Alikuwa anawaonya

Sasa Bobi. Kwa maelezo yako huyu si mbwa aliyegeuka ghafla. Alionya kwa sauti kwa miezi mingi, akapigwa kwa kuonya, akaacha kuonya. Fimbo iliondoa sauti peke yake. Hofu ya kunyang'anywa chakula ilibaki pale pale, na juu yake ikaongezeka hofu ya pili. Kabla ya kipigo, mtu akikaribia sufuria Bobi aliwaza: chakula kitaondoka. Baada ya kipigo anawaza: chakula kitaondoka na nitaumizwa. Mbwa wa namna hiyo ni hatari kuliko anayenguruma.

Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mbwa anayelinda chakula mawingu huwa mengi kabla ya tone la kwanza. Unapomkaribia anaanza kula kwa kasi zaidi. Kichwa na mabega yanashuka, yakifunika sufuria. Kisha anaacha kutafuna na mwili wote unaganda, kwa sekunde moja au mbili tu. Anakutazama kwa pembe ya jicho bila kugeuza kichwa, weupe wa jicho ukionekana. Midomo inajikunja, meno yanatoka nje. Ananguruma. Anang'ata hewa. Mwisho anauma. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma huruka kutoka kuganda hadi kuuma, na watu husema ameuma bila onyo. Onyo lilikuwepo, ila lilikuwa la kimya na la sekunde moja, na dada alikuwa ameinama akitazama sufuria.

Mkiweza kujifunza dalili moja tu, basi iwe hiyo ya kuganda. Mbwa aliyetulia ana mwendo mdogo mdogo wakati wote: masikio yanacheza, mdomo uko wazi kidogo, anahema, anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Mdomo ukifumba ghafla na kila kitu kikasimama, usisogee mbele wala usinyooshe mkono. Geuka ubavu, tazama pembeni, rudi hatua mbili polepole.

Ushauri wa jirani kwamba mbwa lazima aonyeshwe nani mkubwa una asili yake. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu (wolf) waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na jinsi walivyogombania cheo. Watu wakachukua picha hiyo na kuipachika kwa mbwa wa nyumbani. L. David Mech, mtafiti wa Marekani ambaye naye alikuwa amesaidia kueneza wazo hilo, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini ni familia tu, wazazi na watoto wao, na vita vya cheo vya kila siku havipo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya watu waliopeleka mbwa wao kliniki ya tabia. Kati ya wale waliokuwa wamempiga mbwa au kumpa teke, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Kwa hiyo fimbo haikushindwa kwenu ninyi peke yenu. Na ijapokuwa watu wengi hawajui, Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa.

Mkia unasema nini

Dada hakukosea, mkia ulikuwa ukitikisika. Alichokosea ni maana yake, na hata watu waliofuga mbwa maisha yao yote hukosea hapo. Mkia unaotikisika unaonyesha kwamba mbwa amesisimka. Hausemi amesisimka kwa furaha, kwa wasiwasi au kwa hasira. Hilo linasomwa kwenye vitu vitatu: mkia umebebwa juu kiasi gani, unapiga kwa upana gani, na mwili ulioshikana nao unafanya nini.

Mkia wa furaha huwa katikati, si juu wala chini, na unapiga kwa upana na ulegevu. Makalio yanakwenda nao, mgongo unapinda, masikio yamelala kidogo, macho madogo, mdomo wazi. Mkia wa tahadhari umeinuliwa juu na umekakamaa, unapiga kwa mapigo mafupi ya haraka, na kuanzia mabegani kwenda mbele mwili hausogei hata kidogo. Uzito uko kwenye miguu ya mbele. Huu ndio mkia ambao nadhani dada aliuona. Kuna na mkia wa tatu, ule uliofyatwa au ulioshuka chini ukitikisika ncha tu, mbwa akiwa amejikunja na kulamba midomo. Huyo anaomba aachwe, na akibanwa kwenye kona naye huuma.

Linganisha mkia wa mbwa na mkia wake mwenyewe akiwa ametulia. German Shepherd hubeba mkia chini kwa kawaida, kwa hiyo mkia wa Bobi ukifika usawa wa mgongo tayari ni habari. Mbwa wengi wa kienyeji wana mkia uliojipinda juu hata wakiwa wametulia, na Rottweiler wengi wa Nairobi wamekatwa mkia kabisa. Hao utawasoma mdomoni na mabegani. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mkia wa mbwa huelekea zaidi upande wake wa kulia anapomwona mwenyewe, na upande wa kushoto anapoona mbwa mgeni anayemtisha. Jambo zuri kulijua, lakini walihitaji kamera na vipimo kuliona. Usijaribu kulisoma getini.

Dalili nyingine nitazipitia haraka. Kulamba pua wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati si usingizi, kugeuza uso, kuinua mguu mmoja wa mbele, kujikung'uta kama aliyetoka majini ilhali ni mkavu: zote zinasema sijisikii vizuri hapa. Manyoya ya mgongoni yakisimama, ni msisimko tu, hata mchezo unaweza kuyasimamisha. Kifua chini na makalio juu ni mwaliko wa mchezo. Tumbo juu kuna mawili: mbwa aliyelegea, mdomo wazi na miguu ikienda huku na huku, anataka kukunwa, mbwa aliyelala chali akiwa amekakamaa, mdomo umefumba na mkia umebana tumbo, anaomba umwondokee.

Fanya zoezi hili kabla ya kubadilisha chochote. Kwa siku tatu, keti umbali wa mita tano kutoka kwa Bobi kwa dakika 10, asubuhi na jioni, umrekodi kwa simu wala usimwite. Ukitazama video polepole utaona mambo ambayo jicho halikuyakamata, hasa ule wakati bodaboda iko mbali na masikio yake yanasimama kabla hajabweka.

Kevo kwanza

Mtoto wa miaka sita ana kimo kinacholeta uso wake karibu na uso wa mbwa. Anakumbatia, anakimbia akipiga kelele, anatazama machoni bila kupepesa. Kwa mbwa, kukumbatiwa ni kubanwa na kukodolewa macho ni kutishwa. Kwa hiyo kuanzia leo Kevo na Bobi wasiwe pamoja bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kufika kwa hatua moja, na mtu mzima anayetazama simu hahesabiki. Kama hakuna wa kusimamia, kuwe na mlango au uzio kati yao.

Mfundishe Kevo mambo manne ambayo hayana mjadala: mbwa anayekula haguswi, anayelala haguswi, aliyefungwa haguswi, mwenye watoto haguswi. Halafu mfundishe kusimama kama mti: miguu pamoja, mikono kifuani, macho chini, kimya, hadi mbwa aondoke. Fanyeni mazoezi sebuleni bila mbwa, kama mchezo, mara nyingi hadi mwili wake uzoee. Kukimbia ndiko kunakomwita mbwa amfukuze.

Na Kevo asishiriki hata chembe katika mafunzo ya chakula nitakayoeleza. Wazazi wengine humwambia mtoto ndiye ampe mbwa chakula ili wazoeane. Kwa mbwa aliyekwisha kuuma kwa sababu ya sufuria, huo ni mchezo wa hatari.

Mnyororo na geti

Hapa ndipo nadhani nusu ya shida yenu ilipo. Mbwa anayeogopa kitu ana njia mbili kubwa, kuondoka au kukifanya kitu kiondoke. Mnyororo unamnyima ya kwanza na kumwachia ya pili. Utafiti uliofanywa Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994 ulilinganisha mbwa waliouma na wasiouma: waliouma walikuwa zaidi madume, wasiohasiwa, na wanaofungwa mnyororo nyumbani. Bobi ana mawili kati ya hayo kwa hakika, na hujasema kama amehasiwa.

Sasa mweke mbwa huyo getini. Bodaboda inakuja, anabweka, bodaboda inaondoka. Ingeondoka hata hivyo, lakini yeye hajui. Kwake amebweka na amemfukuza adui. Barabara za Kahawa West zinampa ushindi wa namna hiyo kutwa nzima. Hakuna mwalimu atakayeshindana na hilo kama geti linaendelea kumfundisha kinyume. Kwa hiyo mazingira yabadilike kwanza, mafunzo yafuate.

Hamishia makao yake ya mchana nyuma ya nyumba. Mjengee kibanda kilichozungushiwa wavu wa waya, nafasi ya kutosha kutembea na kugeuka, angalau mita mbili kwa nne kwa mbwa wa ukubwa wake, chenye kivuli, maji, na sakafu inayokauka. Fundi wa kuchomelea mtaani ataifanya kazi hiyo kwa mabomba na waya. Kama geti lenu ni la vyuma vilivyo wazi, lizibeni kwa mabati hadi kimo cha kichwa cha mbwa aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Asichokiona hukibwekea kidogo. Siku 10 za kuangaliwa zikiisha, usiku afunguliwe kama kawaida.

Atembezwe pia. Dakika 30 alfajiri kabla barabara hazijajaa, na 30 jioni, kwa kamba ya mita mbili iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, na mtu mzima mwenye nguvu za kumshika. Kwa sasa pitia njia zisizo na watoto wa shule. Matembezi haya ni ya kunusa. Mwache asimame kwenye kila nguzo, kwa sababu kunusa kunamchosha kwa utulivu kuliko kukimbia.

Kuna watakaosema mbwa asiyefungwa mnyororo na asiyepigwa hatalinda. Naona kinyume. Mbwa anayebwekea kila kitu amewafundisha wenyewe kutomsikiliza, na siku mwizi akiruka ukuta hakuna atakayeamka. Mbwa anayenyamazia bodaboda na kubweka saa nane za usiku, huyo ndiye mlinzi.

Kupunguza kubweka kwenyewe si kazi ngumu baada ya kuziba geti. Chagua mwito mmoja, tuseme "Bobi, hapa!", na kwa siku tatu mwite kukiwa kimya kabisa, mara 10 kwa siku, kila akija apate kipande cha maini. Siku ya nne anza kumwita pale tu masikio yanaposimama kwa sauti ya pikipiki ya mbali, kabla hajafungua mdomo. Ukimwita wakati tayari anabweka kwa nguvu zote hatakusikia, na ukimpigia kelele kutoka dirishani anadhani nawe umejiunga naye. Akikuwahi, mwache abweke mara mbili tatu, kisha mwito. Tegemea siku za mwanzo akazidisha kelele badala ya kupunguza. Tabia iliyokuwa ikilipa hupanda kabla ya kushuka, na wengi hukata tamaa hapo hapo.

Sufuria

Kwa wiki mbili za kwanza hakuna mafunzo ya chakula. Kuna amani tu. Bobi ale mara mbili kwa siku ndani ya kibanda, mlango umefungwa, hakuna anayepita karibu. Mkimaliza kuweka chakula, ondokeni. Sufuria haitolewi hadi Bobi ametoka kibandani na mlango umefungwa nyuma yake. Mifupa apewe humo humo, mibichi tu. Uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa matumbo. Ule mtindo wa kuingiza mkono kwenye chakula cha mbwa ili azoee, uacheni kabisa. Ndio unaofundisha mbwa wengi kulinda sahani.

Wiki ya tatu, mtu mzima mmoja aanze zoezi, kibanda kikiwa bado kimefungwa na yeye akiwa nje ya wavu. Chemsha maini bila chumvi wala vitunguu, maana vitunguu ni sumu kwa mbwa, uyakate ukubwa wa harage. Vipande 20 vinatosha kwa kikao kimoja, na vyote kwa pamoja visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, upunguze ugali kwa kiasi hicho. Sufuriani weka ugali mtupu, kitu asichokipenda kupita kiasi.

Akianza kula, mkaribie hadi mita tatu, au mbali zaidi kama hapo tayari anakakamaa. Tupa kipande cha maini karibu na sufuria, geuka, ondoka. Usisimame kumtazama, usiinamie. Rudia mara 10. Unachofundisha ni kwamba mtu akija kinaongezeka kitu bora kuliko kilichopo, halafu mtu huyo anakwenda zake.

Umbali haupunguzwi kwa kalenda, unapunguzwa kwa mwili wa Bobi. Ukiona kwamba unapokuja anainua kichwa kutoka sufuriani, mdomo umelegea, anakutazama akitarajia, na ameonyesha hivyo vikao vitatu mfululizo, sogea nusu hatua. Ukiona amekula kwa kasi au ameganda, umekaribia mno. Rudi mita moja nyuma na umalizie kikao hapo, bila kumkaripia. Kosa la kawaida ni haraka. Siku tano zinakwenda vizuri, mtu anajisahau na kuruka kutoka mita mbili hadi sufuriani, na kazi ya wiki inaharibika kwa jioni moja. Kosa la pili ni kubadilisha watu: Bobi akikuzoea wewe hajamzoea Baba Kevo, kila mtu mzima aanze upya mita tatu.

Hesabuni miezi, si siku. Na lengo ni watu wazima wapite karibu na mbwa anayekula bila yeye kukakamaa. Kevo kugusa sufuria si lengo, si mwaka huu wala mwakani.

Akiiba kitu, tuseme kiatu au mfuko wa mkate, usimfukuze wala kumbania taya. Tupa vipande vitatu vya nyama mita mbili kutoka kwake, asubiriwe aende kuvila, ndipo kitu kiokotwe kimya kimya.

Daktari, na lile swali la sindano

Kabla ya yote haya apimwe. Mbwa mwenye sikio lenye usaha, jino lililooza au nyonga inayouma huwa na subira fupi, na German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na nyonga. Magonjwa ya kupe nayo huwafanya wanyonge na wakali. Mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na KSPCA, shirika la kutetea wanyama, iko Karen. Mpigie kabla ya kwenda na umwambie mbwa ameuma. Siku ya kwenda Bobi avae kikapu cha mdomo, kile cha matundu kinachomwezesha kuhema na kunywa maji. Ule mkanda wa kitambaa unaofunga taya kabisa haufai kwa zaidi ya dakika chache. Mzoeshe kikapu kwa siku kadhaa kabla: weka maini ndani, aingize pua mwenyewe, siku za mwanzo bila kufunga kamba.

Kumhasi kutapunguza kuzurura na kukojolea kuta, na kutazuia watoto wasiohitajika. Hofu ya sufuria hakutaitibu. Mhasi, lakini usimhasi ukitarajia hilo.

Kuhusu sindano, tazama kidonda chenyewe. Ian Dunbar, daktari wa wanyama na mtaalamu wa tabia, alipanga ngazi sita za kuuma ambazo wengi wetu tunazitumia. Ngazi ya kwanza mbwa hakugusa ngozi. Ya pili aligusa bila kutoboa. Ya tatu ni tundu moja hadi manne kutoka kung'ata mara moja, yasiyozidi nusu ya urefu wa chonge. Ya nne matundu ni ya kina zaidi, au mbwa alishika akatikisa. Ya tano aling'ata hivyo mara nyingi. Ya sita mtu alikufa. Kama mkono wa dada uko ngazi ya pili au ya tatu, na ninyi mko tayari kutenganisha mbwa na mtoto kila siku bila kusahau, Bobi anaweza kufanyiwa kazi. Kama ni ya nne kwenda juu, nyumba yenye mtoto wa miaka sita si mahali pake, na Baba Kevo hatakuwa na makosa kulizungumza hilo na daktari. Kumpa mtu mwingine bila kumwambia kwamba mbwa ameuma ni kuhamisha kidonda kwenda kwa mtoto wa mwenzako.

Mkitafuta mwalimu wa mbwa, muulize swali moja: mbwa akikosea unafanya nini? Akikujibu kwa mnyororo wa kunyonga, kola ya umeme au kiboko, mshukuru na umsindikize getini.

Jambo la mwisho ni la Baba Kevo hasa. Vipigo vikiisha, huenda baada ya wiki kadhaa Bobi akaanza kunguruma tena. Hapo atakuwa amepata nafuu, amerudisha hatua aliyokuwa akiiruka. Atakayesikia mngurumo asimame, arudi hatua mbili, amwite Kevo ndani kwa sauti ya kawaida, kisha aandike saa, nani alikuwa wapi na kilichokuwa sakafuni. Daftari hilo mpelekee daktari kila mnapokwenda.